Utabiri kwa Jina la Kasereka

Siku Kasereka alipotoka asirudi, alitoka akibishana. Alisimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, simu ameibana kati ya sikio na bega, akimwambia rafiki yake Bienfait kwamba hajui filamu na hatazijua. "Wewe ulisikia tu," alisema. "Hukutazama. Mama Daraja! Mama Daraja amefanya nini? Nani kakuambia atateuliwa?" Akacheka kwa nguvu, akakata simu, akavaa kiatu cha pili. Akamwambia mkewe Monique kwamba anakwenda sokoni Kikuubo kutafuta zipu na uzi mweusi, na wasimmalizie maharage.

Kikuubo, mbele ya duka la zipu, alianguka. Wapagazi walimlaza juu ya maboksi, mwenye duka akampepea kwa kipande cha katoni, na mtu mmoja akaichukua simu yake akapiga namba aliyoongea nayo mwisho. Ilikuwa ya Bienfait. Kwa hiyo Bienfait ndiye aliyejua kwanza, ndiye aliyefika kliniki kwanza, na ndiye aliyekuja Luzira, mtaani kwao, kumwambia Monique. Alisimama mlangoni palepale, shati limelowa jasho.

"Ni presha, yaya," alisema huku akilia; yaya, kwa Kiswahili cha kwao, ni dada. "Ametuacha."

Tangu saa ile Bienfait alianza kusema badala ya Kasereka, na hakuacha.

Hasira iliyompata Monique baadaye haieleweki bila kukijua kibanda cha filamu cha Maftah. Kiko kwenye njia inayoteremka kuelekea Port Bell, nyuma ya wauza mkaa: mabati juu, mapazia meusi madirishani, mabenchi, na mbele kabisa kiti cha vijei. Vijei, kwa asiyemjua, ni yule mtu anayekaa na kipaza sauti na kufasiri filamu huku inakwenda. Mzungu akifungua mdomo, anayesikika ni vijei. Mwanamke, mtoto, jambazi na polisi wote wanasema kwa sauti moja ya Abudu, vijei wa Maftah, na Abudu ana sauti ya mtu aliyemeza kokoto. Vibanda vingi vya Kampala hufasiri kwa Kiganda. Cha Maftah, siku za Jumapili, ni Kiswahili, kwa ajili ya Wakongo wa mtaani na askari wa magereza wasiokuwa zamu.

Hapo ndipo Kasereka alipokuwa na kiti chake. Kila Januari, Jumapili moja kabla ya Waamerika kutangaza walioteuliwa kwa tuzo zao kubwa, Maftah alizima projekta, Kasereka akaketi mbele akiwatazama watu, na akatabiri. Picha bora. Mwongozaji. Mwigizaji wa kike, wa kiume, na wale wasaidizi. Hakusoma popote. Alisema kwa kichwa, na watu wakamzomea, wakampigia makofi, wakamwita mganga, wakamwita muongo. Majina halisi ya filamu hakuna aliyehangaika nayo. Kila filamu ilikuwa na jina la kibandani. Wazee wa Treni. Dereva wa Jeneza. Yule Mwenye Mbwa Kipofu.

Mara nyingi alikosea. Mwaka mmoja alikosea karibu vyote, na Afande Jasper, askari wa magereza mwenye kicheko kama pikipiki inayokataa kuwaka, akamwambia, "Fundi, rudi kwa sindano yako." Kasereka akajibu bila kupepesa, "Mimi sikukosea. Wamekosea wao." Kibanda kizima kikavunjika mbavu.

Lakini alikuwa na njia yake, na njia hiyo Monique aliijua kuliko mtu yeyote. Kila filamu aliitazama mara mbili. Mara ya kwanza pamoja na watu wote, na sauti ya Abudu. Mara ya pili Jumamosi asubuhi, peke yake, Maftah akifagia maganda ya karanga, sauti imezimwa kabisa. Alikuwa fundi cherehani; maisha yake yote aliwatazama watu wakijaribu nguo mbele ya kioo na kusema wamependa. "Mdomo wa Abudu ni mtamu," alizoea kusema, "lakini bega halina vijei."

Filamu ya Mama Daraja ilikuja mwezi wa tisa. Ni habari za mwanamke wa nchi ya baridi, nyumba yake iko kando ya daraja, na mwanawe anafia kwenye mto ule. Mazishini anasimama juu ya tope, upepo unampiga kitambaa. Hapo Abudu alishusha sauti, akasema polepole: "Mwanangu, nani sasa atanifungulia mlango nikirudi na ndoo? Uliniambia mto huu ni wetu. Mbona umekuchagua wewe?" Watu walilia. Afande Jasper alijifuta kwa kofia ya serikali. Wiki nzima wanawake kwenye bomba la maji walikuwa wakiyarudia maneno yale, na mwingine aliyafanya mlio wa simu.

Jumamosi yake Kasereka alirudi nyumbani kutoka kibandani, akaketi kwenye cherehani bila kuigusa.

"Mama Annick," akamwambia Monique, kwa jina la binti yao, "yule mama hasemi kitu."

"Mama yupi?"

"Mama Daraja. Pale kaburini. Mdomo umefungwa ndi. Kamera inamkalia, inamkalia, yeye kimya. Abudu ametunga yote."

"Yale ya ndoo?"

"Na ndoo yenyewe haipo." Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka. "Na sitamtaja huyo. Nitamtaja jirani. Umemwona? Yule mnene. Viatu vya mama vinanasa kwenye tope, jirani anainama anavichukua, anavishika hapa kifuani, na tope lake, mpaka mazishi yanakwisha. Hakuna anayemtazama. Mabega yake, Mama Annick! Nitamtaja kwa mwigizaji msaidizi, na watanirushia maganda."

Hakumwambia mtu mwingine. Utabiri hautolewi kabla ya siku yake, hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Bienfait alipomchokoza kwenye simu asubuhi ile ya mwisho, ndipo alipoteleza kidogo, akamwambia tu kwamba Mama Daraja hatateuliwa. Halafu akaenda kununua zipu.

Walimzika Kampala, kwa sababu barabara ya kwenda kwao Butembo, Kongo, ilikuwa na bunduki. Watu walikuja wengi, wa kanisani, wa kibandani, wa Kikuubo. Bienfait alisimama kwenye ukingo wa shimo akasema kwa muda mrefu. Kasereka aliniambia hivi, Kasereka aliniambia vile. Aliwafanya watu wacheke, akawafanya walie, akawafanya wacheke tena. Monique alisimama akitazama kamba walizomteremshia mumewe. Hakulia kwa sauti. Hakusema neno. Maneno hayakuwepo, ndivyo ilivyokuwa. Aliyatafuta kifuani akakuta pamefagiliwa.

Nyuma yake akamsikia Huguette, mwimbaji wa kwaya, akimnong'oneza mwenzake: "Hata neno? Mama Daraja alimlilia mwanawe mpaka sisi tukalia. Huyu ana jiwe pale."

Monique alihisi masikio yakimwaka. Alitaka kugeuka awaambie, juu ya udongo mbichi, kwamba Mama Daraja hakusema kitu, hajasema kitu mpaka leo, ni Abudu! Lakini nani anageuka kaburini kubishana habari za filamu? Kasereka angegeuka. Yeye hakugeuka. Neno alilimeza, likakaa.

Watu wakaja kumpa pole, wakaondoka, na kila mmoja akamwachia neno la Kasereka alilolipata kwa Bienfait. Mkewe Maftah, Umulkheir, peke yake ndiye aliyekuja na sufuria ya pilau, akaketi kwenye mkeka, akachambua mchele wa kesho yake bila kuuliza chochote. Wengine walisema kwamba mjane hali, halii, haongei. Ile ya jiwe ilizunguka mtaa, ikamrudia kwa midomo mingine mitatu.

Januari ilipoingia, binti yake Annick, anayesuka nywele mtaa wa Ntinda, alimtumia picha kwenye simu. Hakuandika kitu, picha tu. Ilikuwa bango kubwa la kitambaa cha plastiki limefungwa juu ya mlango wa kibanda cha Maftah. Kasereka anacheka, katika picha ya harusi ya mtu fulani, bega moja wamelikata. Chini yake: UTABIRI WA MWISHO WA MAREHEMU KASEREKA. ALISEMA MAMA DARAJA! Utatolewa na rafiki yake wa kufa na kuzikana, Bienfait. Jumapili saa kumi.

Monique aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena ameketi. *Alisema Mama Daraja.* Akaiweka simu chini.

Alikwenda kwa Maftah siku hiyohiyo. Maftah alikuwa nje ya kibanda akipaka rangi benchi, kofia yake ya kufuma imerudishwa nyuma. Ni mtu mpole. Ukoo wake umefanya biashara Kampala tangu babu wa babu, na hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti.

"Karibu, shemeji. Umeliona? Wallahi limetoka vizuri."

"Literemshe."

"Shemeji..."

"Literemshe, Maftah. Mume wangu hakusema hivyo."

Maftah aliweka brashi juu ya kopo. "Mimi sikuwapo. Bienfait ameniambia marehemu alimpa utabiri wote kwenye simu, asubuhi ile ile. Simu ya mwisho aliongea na Bienfait. Hilo hata wewe hulikatai."

"Nilikuwa nimesimama pale! Nilimsikia. Alimwambia kinyume."

"Ulisikia upande mmoja."

"Upande wa Kasereka. Wewe unataka upande wa nani?"

Maftah akakuna shavu, akaacha rangi ya kijani juu yake. "Hii ni heshima, shemeji. Watu wanataka kumkumbuka. Na wakimkumbuka wanamtaka na Mama Daraja, wanampenda. Ukiwaletea sijui kinyume, sijui nini, utawavunja moyo. Amekwisha kwenda mbele ya haki. Neno moja litamdhuru nini?"

"Litamfanya mjinga," alisema Monique. "Mbele ya watu ambao hakuwahi kuwaachia wamfanye mjinga."

Hakulia. Alimpigia Bienfait pale pale, sauti imewekwa nje ili Maftah asikie.

"Yaya Monique! Ulikula?"

"Bienfait, toa jina la mume wangu kwenye uongo wako."

Sauti yake ikaja tamu, ile ya kaburini. "Yaya, tulia. Miye nilimjua Kasereka tangu Butembo, tangu hatuna hata ndevu. Alikuwa ananiambiaka vitu asivyokuambia wewe. Wanaume wana maongezi yao. Umechoka, yaya. Kilio kinachokaa ndani bila kutoka kinachanganya kichwa."

Monique alikata simu. Alimtazama Maftah, na Maftah akalitazama benchi.

Kwa hiyo Jumapili alikwenda. Alivaa kitenge cha kila siku, si kile cheusi. Kibanda kilijaa mpaka watu walikaa kwenye makreti ya soda, na joto la mabati likawaangukia. Mtu alipomwona akasema, "Mjane amekuja," na watu wakasogea kumpisha kama wanaopisha maji moto. Huguette alimpa nafasi karibu naye. Monique alibaki amesimama ukutani.

Mbele, kwenye kiti cha Kasereka, aliketi Bienfait. Alikuwa amevaa koti la kijivu ambalo Kasereka alimshonea. Lilimkaa vizuri, na hilo nalo lilimchoma Monique.

"Ba-mama, ba-papa, maafande," Bienfait alianza, "leo si mimi ninayesema. Leo ni Kasereka."

Makofi. Akatabiri picha bora: Wazee wa Treni. Mwongozaji: yule wa Dereva wa Jeneza. Watu wakazomea kidogo, kwa adabu, kwani nani atamzomea maiti? Ndiyo maana utabiri ule haukuwa na chumvi wala pilipili. Hata Afande Jasper alikaa kama mtu aliye kanisani. Monique aliwatazama wakimkubalia Kasereka kila kitu, watu ambao hawakuwahi kumkubalia chochote, na akahisi kwamba hata kubishana naye wamemnyang'anya.

"Na mwigizaji bora wa kike," Bienfait akasema, akashusha sauti, "Kasereka aliniambia asubuhi ile, kabla hajaanguka, aliniambia: ndugu yangu, ni Mama Daraja. Kwa maneno yake ya kaburini. Akasema, miye nikifa, mnililie hivyo."

Watu wakaguna kwa huzuni. Huguette akaanza kufuta macho. Wachache wakageuka kumtazama mjane, kuona kama jiwe limepasuka.

"Muongo!"

Lilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Monique hakuwa amepandisha sauti tangu siku ya mazishi, na hata kabla ya hapo si mara nyingi. Alipita kati ya magoti ya watu akaenda mbele.

"Abudu yuko wapi?"

Abudu alikuwa nyuma ya kipaza sauti chake, anakunywa soda kwa mrija. Akainua mkono kama mwanafunzi. "Niko, nnyabo," alisema, yaani bibi kwa Kiganda.

"Simama. Waambie. Mama Daraja anasema nini kaburini?"

"Eh, nnyabo, kila mtu anajua. Nani atanifungulia mlango..."

"Sikuulizi wewe unasema nini. Nimekuuliza yeye."

Abudu aliangalia chupa. Akamwangalia Maftah. "Hasemi," akajibu.

"Sema kwa nguvu. Una kipaza sauti."

"Hasemi kitu!" Kibanda kikaguna. "Sasa mimi nifanye nini? Pale pamekaa kimya muda mrefu kabisa. Watu wakisikia kimya wanadhani mashine imeharibika, wanaanza kudai pesa zao. Nikamsaidia mama wa watu!"

"Banange!" akashangaa mtu kwa Kiganda.

"Hapana, mimi nilisikia na masikio yangu!" alipiga kelele mwingine. "Alitaja ndoo!"

"Ndoo ni ya Abudu," akasema Afande Jasper, na kicheko chake kikajaribu kuwaka.

Watu wakaanza kubishana, ule ubishi wa zamani, mikono juu, na kwa mara ya kwanza siku ile kibanda kilikuwa kibanda. "Iwekeni!" wakasema. "Tuone!" Maftah alisitasita, kisha akaitafuta filamu, akaipeleka mpaka mazishini. Sauti ya Abudu ilikwisha kurekodiwa ndani yake tangu siku ile ya kwanza, haitoki. Kwa hiyo Maftah aliizima yote.

Mama Daraja akasimama kwenye tope. Upepo ukampiga kitambaa. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Walingoja. Ukabaki umefungwa. Feni tu ndiyo iliyokuwa ikisikika, na mtu akitafuna. Pembeni, kwenye ukingo wa picha, mwanamke mnene akainama akachomoa viatu kwenye tope, akavikumbatia. Wengi wao hawakuwahi kumwona. Kumbe siku zote alikuwa pale.

"Sasa huyu mama analipwa kwa kazi gani?" aliuliza Jasper, na watu wakacheka, na mmoja nyuma akaanza kumsemea maneno mapya, ya kipuuzi, na wakacheka zaidi.

Monique hakucheka. Aliwageukia.

"Mliniita jiwe," alisema.

Kicheko kikafa.

"Mlisimama nyuma yangu, namzika mume wangu, mkanipima kwa maneno ya Abudu. Mlitaka niseme kama nani? Kama huyu?" Akaonyesha kitambaa cha picha. "Huyu amefunga mdomo! Mmelia juu yake miezi, mmemuweka kwenye simu zenu, na hakuna hata mmoja wenu aliyemtazama usoni. Na mimi hamkunitazama. Huguette, ulikuwa karibu kuliko wote. Ulinitazama?"

Huguette alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua leso.

"Kasereka alimtazama," Monique aliendelea. "Aliniambia mimi, kwenye cherehani yake. Alisema Mama Daraja hatamtaja. Alisema atamtaja jirani aliyeshika viatu, na kwamba mtamrushia maganda. Hayo ndiyo maneno yake. Kama hamyataki, yaacheni. Lakini hamtampa mengine."

Bienfait alikuwa bado kwenye kiti. Alikuwa ameushika upindo wa koti kwa vidole viwili.

"Yaya, si mbele za watu."

"Ulisema mbele za watu."

"Niliwapa kitu cha kumkumbukia! Unadhani ni rahisi? Wewe hukusema kitu, mtu mmoja ilibidi aseme!"

"Aseme lake."

"Langu ni lipi?" Sauti tamu ilikuwa imekatika, hii ilikuwa nyembamba, na Monique hakuwahi kuisikia. "Unataka niwaambie nini, yaya? Kwamba rafiki yangu wa tangu utotoni, neno lake la mwisho kwangu lilikuwa kwamba sijui filamu? Kwamba alinicheka akanikatia simu? Wewe una ya cherehani. Una nyumba, una mlango, una kila kitu. Miye nina hilo tu. Nilitaka liwe jema."

Watu wengine wangelainika hapo, na baadaye wengi walisema kwamba wao wenyewe walilainika. Monique hakulainika. Hasira ilikuwa imemjaa mpaka kwenye meno, na juu ya hasira hiyo aliona wazi kwamba mtu huyu alimpenda Kasereka, na kwamba kupenda huko hakukumpa ruhusa.

"Ndiyo," alisema. "Waambie hilo. Alikucheka, alikukatia simu, alisema hujui filamu. Hilo ndilo alilokuachia. Si jema, lakini ni lake, na amekupa wewe peke yako. Mimi aliniachia tusimmalizie maharage. Unadhani nimelibadilisha?"

Bienfait akasimama. Alipokuwa amesimama, koti lilimshuka mabegani kana kwamba limekuwa la mtu mwingine.

"Kasereka alisema sijui filamu," aliwaambia watu. "Alisema nilisikia tu, sikutazama. Miye nasema Mama Daraja atateuliwa. Nasema miye, Bienfait. Kwa kunyamaza kwake, kama hamtaki ndoo. Na Kasereka angenizomea."

Ganda la karanga likaruka kutoka nyuma, likampata kwenye paji la uso.

"Kaa chini, wewe!" akapaza sauti Afande Jasper. "Mama hafanyi kitu! Hata mimi naweza kusimama kwenye tope!"

Wakaanza. Wengine kwa jirani, wengine kwa Mama Daraja, Abudu akijitetea kwenye kipaza sauti kwamba bila yeye filamu hiyo ingekuwa picha ya ukutani. Maftah alipanda juu ya kreti nje ya mlango, akafungua kamba za bango, akalikunja polepole, uso wa Kasereka ndani. Monique alilipokea.

"Nisamehe, shemeji," Maftah alisema.

"Leo sijakusamehe," alijibu, akalibana bango kwapani, akapanda njia kurudi nyumbani. Nyuma yake kelele za kibanda zilisikika mpaka kwa wauza mkaa.

Waamerika walipotangaza majina yao, Mama Daraja hakuwemo na jirani hakuwemo. Bienfait alimtumia Monique ujumbe kumwambia, na Monique hakujibu. Hajawahi kurudi kibandani. Huguette alimjia mara mbili. Mara ya pili alimfungulia. Cherehani ameiuza kwa fundi mwingine wa mtaa huohuo.

Utabiri upo bado, kila Januari, na anayekaa mbele ni Bienfait. Anatabiri kwa jina lake mwenyewe.